Umekosea, Mjomba Soksi

Wamuyu yuko hai, na anayesema haya ni porojo aende Runyenjes akamuulize. Ila ajiandae, maana yule mama mdomo wake hauna breki.

Siku zenyewe zilianza vizuri. Kahawa ilifanya vyema mwaka ule, na mumewe, Njeru, akanunua televisheni ndogo isiyoonyesha rangi. Umeme haukuwa umefika kwao, kwa hivyo waliiwasha kwa betri ya gari. Kila Ijumaa Njeru aliifunga betri kwenye baiskeli akaipeleka sokoni kuchajiwa, na yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Jumamosi saa kumi na moja na nusu jioni, saa ya Mjomba Soksi.

Nani asiyemjua Mjomba Soksi miaka ile? Mwanasesere wa kuvaliwa mkononi: kichwa cha soksi, macho ya vifungo, koti la sufi linaloning'inia mabegani. Kazi yake ilikuwa kufundisha watoto kuhesabu. Alihesabu ndizi, akahesabu kuku, akahesabu viatu, na kila mara alikosea makusudi ili watoto wapige kelele, "Umekosea!" Naye angefungua mdomo wazi na kuuliza, "Nimekosea wapi, wapwa wangu?" Kinyozi wa sokoni alimchora ukutani. Mtu akizidisha maneno kwenye baraza la chifu, aliambiwa, "Keti, Mjomba Soksi." Hata mhubiri alimtaja siku moja, kanisa zima likaangua kicheko. Watoto wa Wamuyu nao waligombana kila wiki juu ya rangi ya lile koti, kwa sababu kwenye televisheni yao lilikuwa kijivu tu. Jedidah alishikilia kwamba ni jekundu. Gitari alisema ni la buluu, na kwa sababu hiyo walishawahi kuumana.

Wamuyu alikuwa mwalimu wa nasari, mtu wa kisasa. Watoto walipomsumbua awaandikie barua kwa Mjomba Soksi, aliandika: *Nyumbani kwetu Runyenjes tuko watoto saba. Njoo utuhesabu.* Akaisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe wake, Marcella, aliyekuwa akichagua maharagwe kwenye ungo.

Marcella aliacha maharagwe. "Andika majina," alisema. "Mtoto hahesabiwi. Ukimhesabu umemtoa kwa watu."

"Mama, hayo ni ya zamani. Shuleni tunawahesabu kila asubuhi."

"Shuleni mnaita majina."

Wamuyu alicheka. Kusema kweli alijua mama mkwe amempata, ndiyo maana alicheka kwa nguvu. Akailamba bahasha akaifunga.

Barua haikusomwa kipindini. Miezi ikapita. Kisha Alhamisi moja redio ikatangaza kwamba mzee aliyekuwa akimvaa Mjomba Soksi mkononi amefariki, na kipindi kimekwisha. Aii, watoto walilia! Wamuyu naye alilia, wala haoni aibu kukwambia.

Jumamosi ilipofika watoto walisihi televisheni iwashwe hata hivyo. Njeru akaunganisha waya. Saa kumi na moja na nusu ilipogonga, Mjomba Soksi akatokea.

Hapakuwa na muziki. Hapakuwa na ndizi wala kuku. Koti lake, lililozoea kuning'inia, sasa lilikuwa limejaa.

"Nina barua kutoka Runyenjes," alisema.

Watoto wakapiga makofi. Wamuyu hakupiga. Aliona yale macho ya vifungo yakimtazama Mutugi, kitinda mimba wake wa miaka minne, pale alipoketi mkekani. Mutugi akasogea kando. Vifungo vikamfuata.

"Moja," alisema Mjomba Soksi.

Marcella alitupa ungo wa maharagwe aliokuwa nao akang'oa waya wa betri. Kioo kikazimika. Maharagwe yakatapakaa sakafuni. Mutugi alikuwa ameketi vilevile, mdomo ukifunguka na kufumbika, ukifunguka na kufumbika, bila sauti.

Njeru alikimbia hadi kwa Nyaga wa duka, ambaye alikuwa na televisheni yake. Nyaga akashangaa. Mjomba Soksi gani? Saa ile walionyesha kwaya.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Daktari alimpima mtoto asione kitu. Wamuyu aliomba mpaka magoti yakachubuka. Mutugi alikula akilishwa, lakini hakusema neno, na hakuweza kusimama mpaka mtu amshike mgongoni. Ukiweka mkono, anasimama. Ukiondoa mkono, anaanguka chini, kichwa upande. Mdomo haukupumzika hata usingizini.

"Naitupa mtoni," Njeru alisema, akiikumbatia ile televisheni.

"Weka chini, Baba Nyamu."

"Mama Nyamu, unangoja awachukue na wengine?"

"Na ukiitupa, Mutugi wangu nitamtoa wapi?" Wamuyu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi ndiye niliyemwita, kwa mwandiko wangu. Wapeleke wale sita kwa kaka yangu. Na hiyo betri iende sokoni, ikae huko. Kama hii ni televisheni tu, haitawaka. Ikiwaka, nitajua ninaongea na nani."

Jumamosi Wamuyu akajiketisha kwenye kigoda, Mutugi mapajani, kiganja chake mgongoni mwa mtoto. Marcella alikataa kwenda popote. Alisimama mlangoni. Nje jua lilikuwa bado liko juu ya mibuni, na jirani mmoja alikuwa akiita mbuzi wake.

Waya ulikuwa sakafuni, haujaunganishwa na chochote.

Saa kumi na moja na nusu, kioo kikawaka.

Mjomba Soksi alikuwa karibu zaidi. Uso ulijaza kioo chote. Nyuzi za vifungo zilionekana moja moja.

"Mbili," alisema.

Chini ya kiganja cha Wamuyu, ndani ya mgongo wa mtoto, kitu kikajikunja. Vidole. Alivihisi vikitafuta nafasi. Mutugi akageuza kichwa pole pole, akamtazama mama yake.

"Mbili," mtoto akasema. Sauti haikuwa yake.

Mwingine angezimia. Wamuyu, haki ya Mungu, alipandwa na hasira. Hasira ya mwalimu aliyerudi darasani akakuta mgeni kwenye kiti chake. Akasimama na mtoto kifuani.

"Umekosea!" alifoka.

Mdomo wa Mjomba Soksi ukabaki wazi. Kitu kilikuwa kinamlazimu, mtu angeona. Miaka yote ile, hakuna mtoto aliyewahi kumwambia amekosea na asijibu.

"Nimekosea wapi," alisema taratibu, "mpwa wangu?"

"Hapa hakuna moja. Hakuna mbili. Ng'o! Hapa kuna wenye majina." Akavuta pumzi, akaita kwa sauti ile ya asubuhi, ya kuita rejista. "Nyamu!"

Kisha kutoka mlangoni, sauti ya Marcella, yenye kutetemeka: "Yupo."

"Gitari!"

"Yupo."

"Wawira!"

"Yupo!"

"Kathuri! Karwirwa! Jedidah!"

"Wapo! Wote wapo, na mababu walio nyuma yao wapo!" Marcella sasa alikuwa akipiga mguu chini.

"Mutugi!"

Marcella hakujibu. Hilo halikuwa lake kujibu.

Vidole vikakaza. Mtoto akalia kilio kisicho na sauti.

"Mutugi wa Njeru! Mwenye jina la babu yake Mutugi aliyeng'oa visiki vya shamba hili kwa mikono! Nimekuita mara ngapi? Itika mama yako!"

Mdomo ukafunguka. Ukafumbika. Ukafunguka.

"Nipo," akasema Mutugi. Sauti ndogo. Yake.

Wamuyu akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Aliogopa, na anakiri. Lakini hakurudi nyuma.

"Sasa wewe," akanong'ona. "Mzee wa watu amezikwa. Mkono ulio ndani yako ni wa nani? Taja jina."

Mjomba Soksi alifungua mdomo. Jina halikutoka. Halafu lile koti lililojaa likanywea kidogo kidogo, kuanzia mabegani, mpaka likabaki kitambaa juu ya kitu kisichokuwepo. Kioo kikazimika. Hakikuwaka tena, hata betri iliporudi.

Jioni ile Mutugi alikula viazi vya watu wawili, akasimama mwenyewe. Marcella alipokuwa akimwogesha akamwita Wamuyu kwa sauti ya chini. Katikati ya mabega ya mtoto kulichomoza uzi. Wamuyu akaushika akavuta. Ukatoka mrefu, urefu wa mkono mzima, bila damu. Ulikuwa uzi wa sufi, rangi ya machungwa. Nyumba ile haikuwahi kuwa na sufi ya rangi hiyo.

Miaka ilipita. Mutugi akawa mtu mzima. Siku moja alirudi kutoka Meru mjini na gazeti lenye picha za rangi, habari ya vipindi vya zamani vilivyopendwa. Mjomba Soksi alikuwa pale, amewekwa ndani ya kabati la vioo. Jedidah na Gitari, watu wazima wenye watoto wao, walinyang'anyana lile gazeti, kisha wakaliachia wote wawili. Koti lilikuwa la rangi ya machungwa. Ubavuni mwake mshono ulikuwa umefumuka, uzi umetolewa.

Walimwambia mama yao autupe ule uzi motoni. Alikataa. Ameutumia kushonea kifungo cha juu cha koti lake la kwendea kanisani, na kila Jumapili hukifunga mbele ya watu.

"Akiutaka, aje," husema. "Nyumba anaijua. Lakini akifika mlangoni, kwanza ataje jina."