Zawena na Chupa ya Rede

Jioni ilipofika, Zawena alitoka nyumbani mbio. Leo wanacheza rede na watoto wa mtaa wa pili! Moyo ulimdunda, du-du-du.

Kwenye rede, mmoja hukaa katikati na kujaza mchanga kwenye chupa. Wenzake humrushia mpira wa soksi, huku na huku. Mpira ukikugusa, umetoka.

*Jaza, jaza! Kwepa, kwepa!*
*Chupa ikijaa, umeshinda!*

Lakini rede bila chupa haichezeki. Zawena akapita dukani, akanunua soda. Akainywa yote haraka haraka, gulu-gulu-gulu, ili apate chupa. Akala na krispi, pakiti nzima.

Akaingia katikati.

*Jaza, jaza! Kwepa, kwepa!*

Tumbo likanguruma, guru-guru-guru. Zawena akataka kuruka. Tumbo likakataa.

Pu! Mpira ukampata mgongoni.

"Tumbo lake limejaa kabla ya chupa," akasema Mwanvua wa mtaa wa pili. Watoto wote wakacheka. Zawena naye akacheka kidogo.

Walikubaliana kurudiana kesho.

Nyumbani, Baba alikuwa anamenya viazi vitamu. Zawena akamsimulia yote. Akamwambia kwamba kesho atakunywa soda nyingine, maana lazima apate chupa.

Baba akaweka kisu chini. "Ya leo iko wapi?"

"Nimeiacha uwanjani, Baba. Huwa tunaziacha."

"Kwani chupa ikishatumika, inakufa?"

Zawena akafikiri. Akafikiri tena. Macho yakamng'aa, akachomoka mbio.

Chupa ilikuwa palepale. Akarudi nayo, akaisugua kwa sabuni, akaisuuza, swa-swa-swa. Baba akamjazia maji safi ya kunywa.

Kesho yake mchana, Zawena alikula kiazi kitamu, maharage na mchicha. Kisha papai, jekundu na tamu. Akanywa maji yake pole pole, mpaka chupa ikawa tupu.

Jioni akaingia katikati. Akasikiliza tumbo. Tumbo lilikuwa kimya.

*Jaza, jaza! Kwepa, kwepa!*

Mpira ukaja juu. Zawena akainama.

Mpira ukaja chini. Zawena akaruka, hop!

Mchanga ukapanda, ukapanda. Ukafika shingoni mwa chupa. Mwanvua akarusha kwa nguvu zote. Zawena akajipinda, mpira ukapita, vuu!

*Chupa ikijaa, umeshinda!*

Chupa ilijaa pomoni.

Mwanvua akamsogelea, anahema. Akamnong'oneza, wenzake wasisikie. "Wewe, leo umekula nini?"

"Viazi vya Baba," akajibu Zawena. "Kesho njoo tule pamoja. Na uje na chupa yako."

Usiku, Zawena aliisugua chupa yake tena. Akaijaza maji, akailaza kando ya mto wake wa kulalia.

"Lala, chupa," akasema. "Kesho tuna rede."

Akafumba macho.

*Jaza, jaza... kwepa, kwe...*

Zawena akalala fofofo.