Tundu la Sita

Haya yalimfika rafiki yangu Reinhold, fundi wa kamera kuukuu kule Dresden. Kamera ya mwisho mezani kwake ilikuwa ya marehemu mkewe, Liesel, yenye mikunjo ya ngozi kama ya kinanda cha kodiani. Alikuwa ameahidi kwamba akiimaliza atafunga nyumba na kuhamia kwa dada yake.

"Mwezi wa nne huu unaongea na ngozi, kaka," Gerda alimtania kwenye simu. "Njoo Leipzig, huku utajibiwa."

"Ngozi hainisuti, Gerda."

Mchana huo alijifungia kwenye chumba cha giza, akaingiza taa ndogo ndani ya mikunjo ili aone nuru inapovujia. Matundu yalikuwa sita, yote pembeni mwa mikunjo. Akaziba matano kwa gundi nyeusi. Kabla ya la sita akaitoa taa na kuizima, isije ikaikausha ngozi.

Katika giza akasikia ngozi ikilia taratibu, kama inayovutwa. Tundu la sita lilikuwa bado linawaka.

"Liesel?" akanong'ona, brashi ya gundi mkononi.

Nuru ikazimika, ikawaka tena, kama jicho linalopepesa.