Diski Iliyofunika Harusi

Walikutana kwa ugomvi, na anayewajua hashangai. Duka la vipuri vya kompyuta lilikuwa limefurika mchana ule, na waya wa mwisho wa diski ulishikwa na watu wawili: mhariri wa video mwenye gauni la njano na miwani juu ya nywele, na fundi wa kompyuta aliyepiga pasi upande mmoja tu wa shati.

"Dada, nimetangulia."

"Umetangulia kufika, kaka. Kushika nimeshika mimi."

Fundi akauachia, akaomba namba ya simu kama fidia. Akapewa, na tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Bwana Waya, umekula?"

"Nimekula matusi yako ya asubuhi, mpenzi. Bado nina njaa."

Mhariri alifanya kazi studio ya shangazi yake, chumba chenye pazia jeusi na feni inayolia. Kila akiwasha mashine ilimbidi aipachike diski kubwa kwa mkono kwenye folda iitwayo Kazi, yaani aiamuru mashine ifungulie humo yaliyomo kwenye diski. Fundi alipoona usumbufu huo akamhurumia.

"Ngoja nikupangie. Ukiwasha tu, inajipachika yenyewe."

Akaandika mstari mmoja kwenye mipangilio, akaizima mashine na kuiwasha, diski ikajipachika, akaondoka anapiga mluzi.

Asubuhi mhariri alifungua Kazi. Kazi za zamani zote zilikuwepo. Video ya harusi ya mdogo wake, iliyokuwa ikisubiriwa na wakwe Jumamosi, haikuwepo, na kadi za kamera alikwisha kuzifuta. Akampigia fundi.

"Jana umefuta nini?" aliuliza kwenye simu.

"Habari za asubuhi kwanza."

"Usinichekee. Harusi ya mdogo wangu iko wapi?"

"Sijagusa faili hata moja. Labda hukuihifadhi."

Kumwambia mhariri maneno hayo ni kutafuta kutukanwa, na fundi alitukanwa kwa ufasaha. "Usikanyage hapa tena," alimalizia, akakata. Kabla ya chai ukoo mzima ulikuwa umeambiwa kwamba fundi ameiharibu harusi, tena kwa makusudi.

Fundi alikuja hivyohivyo, amefura. Shangazi akamzibia mlango.

"Umefuata nini, baba?"

"Kiti tu, shangazi. Nikishindwa, mtanitukana kwa zamu."

Akaketi. Mhariri alisimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Ulipoanza kazi ya harusi, diski uliipachika?"

"Huwa naipachika kila siku."

"Sijauliza huwa. Nimeuliza siku ile."

Mhariri akakumbuka. Siku ile aliwasha mashine huku akibishana na mdogo wake kwenye simu, akaanza kazi moja kwa moja, na wiki nzima hakuizima. Folda ilikuwa tupu, bila diski, lakini ilipokea kila kitu na kukiweka ndani ya mashine yenyewe.

"Jana diski imejipachika juu yake," fundi akasema. "Ni kama kutandika shuka juu ya nguo ulizoacha kitandani. Hazijaenda popote. Na mimi nilipaswa kuchungulia kabla ya kutandika. Hilo ni langu."

Akaibandua diski kwenye folda. Harusi yote ikatokea, bibi harusi anacheka kwenye kioo. Shangazi akakaa chini. Fundi yeye alisimama.

"Nakili kazi yako, halafu uirudishe diski. Mimi nakwenda."

"Nani kakufukuza?"

"Wewe. Na ukaniita mharibifu kwa ndugu zako wote bila kuniuliza swali moja. Kwa hilo nimeumia kweli."

Mhariri alitazama lile shati lenye pasi ya upande mmoja na akaogopa. Alijua huyu akitoka, hapigi simu tena. Akampigia mdogo wake, sauti akaiweka juu ili wote wasikie.

"Harusi yako ipo," akasema. "Fundi hakufuta kitu. Mimi ndiye niliyesahau kupachika diski, na nimemsingizia. Waambie wote, kama nilivyowaambia."

"Mama pia?"

"Mama kwanza."

Kisha mdogo akauliza, "Na shemeji yuko wapi? Ameondoka?"

Mhariri alikuwa tayari ameegemeza mgongo wake kwenye mlango uliofungwa, macho yake kwa fundi, machozi yakimshuka bila aibu.

"Haondoki," akasema. "Labda anipige teke nipishe."

Fundi akakiangalia kiti kwa muda, kisha akakikalia.