Meza Moja na Mama Justa

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, pale posta ya Ifakara ungekosa hata pa kuweka mguu. Mwaka ulikuwa 1996, simu za mkononi tulizisikia redioni tu, na mtu aliyetaka kuongea na Dar es Salaam, Mlimba au kokote kule ilibidi apite kwanza dirishani kwa Evelina. Nyuma ya dirisha lile binti alikuwa na ubao wake wa kuunganishia simu, waya huku na huku, plagi mkononi. Siku hiyo alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikakubali, nywele zake za kalikiti ziking'aa, na rangi kidogo ya midomo iliyowafanya wanaume wasahau namba walizokuja kuzipiga.

Seni, kijana wa Kisukuma aliyefanya biashara ya ng'ombe, alisahau foleni. Aliingia akauona uso ule, akaufuata moja kwa moja mpaka dirishani, na watu wasiopungua ishirini wakapiga kelele nyuma yake.

"Kaka mwenye kofia, foleni huioni?" Evelina alimuuliza.

"Nisamehe, dada. Nilikuwa naangalia kitu kingine."

"Kitu gani hicho kikubwa kuliko watu wote hawa?"

"Nikikisema hapa utaniitia polisi."

Watu wakacheka, hata waliokuwa wamekasirika. Seni akavua kofia yake ya pama, akarudi mwisho wa foleni, akasimama saa mbili nzima ndani ya suti yake ya Kaunda bila kulalamika. Evelina alijifanya kazi imemzidi, lakini kila akiinua macho alikuta yale mengine yanamsubiri.

Zamu yake ilipofika aliomba Dar es Salaam. Alipounganishwa, alipaza sauti kama anayeita ng'ombe wavuke mto.

"Kaka! Anakusikia," Evelina alimwambia, kicheko kimembana. "Ukiendelea hivyo watakusikia Dar bila waya."

Seni akamaliza maongezi yake kwa kunong'ona, kisha akainama dirishani. "Dada, umeshakula kwa Fridolin?"

"Kwa Fridolin wanakula madaktari na wageni wa utafiti. Mimi nitakwenda kufanya nini?"

"Nyama wanayokula pale ni yangu, mimi ndiye ninayempelekea. Jumapili baada ya misa njoo uionje."

Evelina alisema ataangalia. Kila mwanamke anajua maana ya neno hilo.

Fridolin alikuwa Mpogoro aliyepika miaka thelathini katika mahoteli makubwa ya Dar es Salaam, akarudi nyumbani na masufuria yake, akafungua mgahawa wa steki ambao Ifakara haikuwa imeuomba. Sakafu nyekundu ilisuguliwa mpaka ukajiona. Vitambaa vyeupe vilifunika meza, leso zilikunjwa ndani ya glasi, na huko nyuma nyama ilichomwa juu ya mkaa, mafuta yakidondoka, harufu ikiwafuata watu mpaka barabarani. Mezani alikuja mwenyewe, aproni safi, mikono nyuma.

"Steki yako iive kiasi gani, bwana Seni?"

"Huyu ng'ombe nilimfahamu akiwa hai. Iive mpaka anisahau."

Evelina alicheka, maji yakampalia. Alivaa gauni la kijani lenye mabega yaliyotuna, viatu vya kuazima kwa rafiki yake, na kisu alikishika kama kalamu. Seni akasogeza kiti, akamwonyesha namna ya kukata sarara kwa kukatiza nyuzi zake. Kwa kisu hakuwa na mpinzani mle ndani, hata kwa madaktari. Nyama ilikatika laini, mchuzi ukatoka, na Evelina alipoitia mdomoni alifumba macho.

"Mpenzi, usifumbe," Seni alisema. "Nitakosa cha kuangalia."

"Tayari nimekuwa mpenzi?"

"Tangu kwenye foleni."

Ndivyo walivyoanza, na miezi mitano ikapita wakipendana bila breki. Seni akiwa safarini kununua mifugo alipiga simu kila jioni, na Evelina aliunganisha simu za watu wengine huku akitabasamu peke yake.

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kilikaa mtaa wa Lipangalala. Mama Justa, mama yake Evelina, Mndamba mjane, alikuwa na shamba la mpunga kule Mofu. Mwaka wa juzi ng'ombe wa wafugaji walilala humo usiku mmoja, na asubuhi hakukuta cha kuvuna. Ng'ombe wenyewe hawakuwa wa Seni, lakini Mama Justa hakutaka kutofautisha.

"Msukuma haingii nyumba hii," alisema.

"Mama, hujamwona hata sura. Kaa naye meza moja, mara moja tu. Umtazame anavyokula, umsikie anavyoongea. Ukimpenda, umkubali."

"Na akiniudhi?"

Evelina akanyoosha mkono. "Akikuudhi, sitalitaja tena jina lake ndani ya nyumba hii. Nakuapia."

Mama Justa akaupokea mkono wa mwanawe. Mapatano yakafungwa, na Seni hakuambiwa lolote. Evelina alitaka mama amwone mtu alivyo, asijitayarishe.

Jumapili iliyofuata Fridolin alikuwa ndiyo kwanza ameweka sahani mbili za steki, moshi unapanda, Mama Justa alipoingia na doti yake mpya ya khanga. Evelina akasimama.

"Seni, huyu ndiye mama yangu."

Mama Justa alinyoosha mkono, akasubiri shikamoo yake.

Shikamoo haikuja. Seni aliweka uma chini. Aligeuza uso pembeni, akanyanyuka, akajiziba kwa kofia yake, akapita katikati ya meza za watu waliovaa tai mpaka jikoni, akatokea mlango wa nyuma. Mkono wa mama ulibaki hewani. Meza ya madaktari iliacha kutafuna.

Mama Justa aliushusha mkono polepole. "Ng'ombe wao wanaingia mashambani mwetu bila kuitwa," alisema, "na wenyewe wakiitwa mezani wanakimbia. Twende nyumbani."

Evelina hakulia mbele za watu. Alilia nyumbani, mto mdomoni, kwa sababu kiapo kilikuwa chake mwenyewe na mwanamume aliyempenda kuliko wote alikuwa amekitimiza kwa upande mbaya.

Jumatatu saa nne simu ya Mlimba ikaita.

"Evelina wangu!" Sauti ya Seni ilijaa furaha. "Nilipanda treni jana ile ile. Uliona nilivyofanya?"

"Niliona."

"Mama je? Amefurahi?"

Evelina aliikamata plagi. "Unaniuliza kama amefurahi?"

"Ndiyo, mpenzi. Sikumgusa, sikumtazama. Nilipita jikoni hata kivuli changu kisimfikie."

"Kumbe ulikusudia."

"Sana! Sasa nipo huku natafuta..."

Evelina akachomoa plagi. Simu ikaita tena. "Laini mbovu," alisema, akachomoa. Jumanne laini ilikuwa mbovu, Jumatano aliyeitwa Evelina alikuwa likizo, Alhamisi Mlimba yote ilikuwa haipatikani, na wafanyabiashara wa mchele wenye shida zao huko walibaki kushangaa shirika la simu limepatwa na nini. Jioni mama na mwana walikula wali, na jina lile halikutajwa.

Wiki ya pili dirishani alitokea Mbuke, dada yake Seni, muuza maziwa, na kidumu chake kichwani.

"Wifi, habari za kazi?"

"Mimi si wifi yako, Mbuke."

"Mbona umekuwa hivyo? Kaka amenitumia salamu kwa mtu wa treni, anasema simu zenu zimekufa zote. Yeye ng'ombe wa mahari ameshapata, anauliza wazee waje lini."

Evelina aliiacha plagi ikaning'inia. "Mahari ya nani? Kaka yako alimkimbia mama yangu mbele ya watu! Mkono hakuupokea. Shikamoo hakutoa."

Mbuke akamtazama kama mtu anayeona mwenzake anatafuta jua mchana. Kisha akakitua kidumu.

"Kwani ulitaka akae?"

"Nilitaka akae, ndiyo!"

"Atafune nyama mbele ya mama mkwe? Wifi, kwetu mwanamume akishamtaka binti wa mtu, mama wa binti hamtazami usoni, hamshiki mkono, na chakula mbele yake hakipiti. Akimkuta anapisha njia. Angekaa pale, baba yetu angemchapa na ukubwa wake wote. Kukimbia kule ndiko kusema anakuoa. Hakuna namna nyingine ya kulisema mbele ya mama."

"Mbona hakunieleza?"

"Kitu ambacho kwetu hata mtoto anakijua? Alidhani umemleta mama ili umjulishe mkwewe. Alilala na furaha, maskini."

Evelina alicheka, akalia, akacheka tena. Mzee mmoja kwenye foleni aliuliza kama Dar es Salaam itapatikana leo au hapana.

Jioni alimkuta mama anapepeta mchele uani. Akapiga magoti, akamweleza yote, neno kwa neno. Mama Justa aliendelea na ungo wake mpaka pumba zikaisha.

"Sisi mkwe asipokula kwako amekutukana," alisema mwishoni.

"Wao akila ndiyo amekutukana, mama."

"Ni rahisi kusema. Mtu akishaharibu hakosi maelezo." Akaweka ungo chini. "Uliniapia, Evelina."

"Niliapa. Na ukisema hapana, itakuwa hapana." Akamshika mama magoti. "Lakini nampenda, mama. Nampenda mpaka naumwa."

Mama Justa akakung'uta pumba kwenye khanga yake. "Muite Jumapili, pale pale. Usimwambie kama na mimi nakuja. Nitajionea mwenyewe ni heshima au ni jeuri."

Kesho yake Evelina ndiye aliyeipigia Mlimba.

"Laini imepona?" Seni aliuliza kwa uoga.

"Imepona, laazizi. Nisamehe. Aliyekuwa mbovu ni mimi."

"Ulitaka kuniua."

"Rudi nikuuguze. Jumapili, kwa Fridolin."

Jumapili mgahawa ulijaa. Evelina alivaa gauni jeupe la mikono mifupi. Seni alikuja na shati jipya lenye mistari ya mkunjo, amekonda kidogo, akamshika vidole chini ya kitambaa cha meza na hakuviachia. Steki zikaja, mara hii na vitunguu vya kukaanga. Alikuwa amekata kipande cha kwanza mlango ulipofunguliwa.

Aliona khanga tu. Akaruka kutoka kitini, akageukia dirisha, kofia usoni, njia ya jikoni imezibwa na mhudumu mwenye trei. Hakuwa na pa kupita. Alisimama pale, mtu mzima, mrefu, mgongo kwa watu wote.

Mama Justa alisimama mlangoni. Alimtazama. Aliona shati limeloa jasho mgongoni. Huyu ni mwanamume aliyezoea kuvusha ng'ombe pale Kivukoni kwenye maji yenye mamba, na sasa alijificha nyuma ya kofia kwa sababu mjane wa Lipangalala ameingia mgahawani. Katika miaka yake hamsini na saba hakuna mtu aliyewahi kumheshimu hivyo, hata marehemu mume wake.

Akakamata kiti cha meza ya pembeni. Akakiburuta mwenyewe, miguu ya kiti ikilia kwenye sakafu ya Fridolin, mpaka ukutani. Akakigeuza. Akakaa, uso kwa ukuta, mgongo kwa mkwewe, akaweka khanga sawa mabegani.

"Evelina," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "mwambie akae ale. Mimi naangalia ukuta."

Fridolin alikuja mbio. "Mama, kuna meza nzuri pale penye bustani..."

"Hapa hapa panatosha. Niletee na mimi steki."

"Iive kiasi gani?"

"Iive."

Evelina machozi yalimtoka bila kuyazuia. "Mama, mapatano yalikuwa meza moja."

"Mapatano nimeyavunja mimi. Una la kusema?"

Evelina alimvuta Seni mkono, akamrudisha kitini. Seni alikaa, macho mekundu, uma bado ameuacha mezani. "Evelina," alinong'ona, "nioe. Yaani, nikuoe. Unakubali?"

"Nakubali, mjinga wangu. Nakubali, kula basi!"

Mle ndani hakuna aliyegusa chakula chake. Daktari mmoja alikuwa ameshika glasi hewani.

"Anakula?" ukuta uliulizwa.

"Anakula, mama."

"Anaonja au anakula?"

Evelina alitazama. Seni alikuwa ametia kipande kikubwa mdomoni, anatafuna huku analia waziwazi bila kujificha. "Anakula, mama. Anakula kweli."

"Basi wazee wake waje Jumapili ijayo," Mama Justa alisema, na mgahawa mzima ukalipuka kwa makofi. "Mwambie nitawapikia wali wa Mofu. Watakaotaka kugeuka wageuke, ila nyumbani kwangu hakuna atakayeondoka na njaa."