Mshumaa wa Anselmo

Haya alinisimulia Eliseo, niliyekaa naye chumba kimoja chuoni Salamanca, Uhispania. Alikuwa amefeli sheria mara mbili, akaenda kuwa dereva wa Anselmo Barrientos, mpambana na mafahali ambaye picha yake ilining'inia kila baa.

Kabla ya kwenda uwanjani, Anselmo huwasha mshumaa hotelini mbele ya Bikira Maria, na akirudi salama huuzima mwenyewe. Jumapili moja ya Agosti, fahali wa mwisho alipouawa, Eliseo alitangulia chumbani kufunga mizigo, akaupuliza ukazimika.

Njiani Anselmo akauliza kutoka kiti cha nyuma, "Nani kauzima mshumaa wangu?"

"Mimi, maestro. Niliogopa usije ukaunguza hoteli."

"Basi kanyaga mafuta, wakili. Usisimame, hata nikikulilia."

Wakaingia handaki la mlimani, giza tupu. Nyuma yake Eliseo akasikia pumzi nzito za puani.

"Acha kupumua hivyo," Anselmo akanong'ona.

"Si mimi. Nilidhani ni wewe, maestro."

Anselmo akapiga kelele, "Simama! Nishushe!"

Eliseo akang'ang'ania usukani, hakusimama.

Walipotoka juani, kioo cha dirisha la nyuma, upande ambao hakukaa mtu, kilikuwa kimeshika ukungu kwa ndani: miduara miwili ya majimaji, mipana kama ngumi.