Bakuli la Pili

Pei-shan aliosha bakuli moja, akaliinamisha kwenye kichanja cha vyombo, akaenda kazini. Aliporudi asubuhi, hoi kwa zamu ya usiku, alikuta mabakuli mawili, yote yakichuruzika maji. Naye aliishi peke yake, chumba kimoja ghorofa ya tano mjini Taichung, na ufunguo ulikuwa mmoja tu.

"Uzee umeniwahi," alijisemea, akacheka. Kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Tuseme kweli, hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alikuwa muuguzi, na maiti alikwishawafunika wengi. Lakini wiki chache nyuma jambo lilikuwa limempata. Mzee Kao, fundi wa kupaka rangi nyumba aliyelazwa bila ndugu wa kumletea hata uji, alikuwa akitolewa damu. Akashikwa na kile kikohozi chake, mara mbili fupi, mara ya tatu ndefu, akaudaka mkono wa Pei-shan kwa hofu. Sindano iliyotoka kwake ikapenya glavu na kuingia kidoleni mwa muuguzi.

"Usiniache," mzee alisema.

Pei-shan aliuchomoa mkono akakimbilia bombani. Jioni ile mzee alikata roho, na hakuna aliyekuja kumlilia.

Damu ya mzee ilikutwa na homa ya ini, ile isiyo na chanjo wala dawa ya kuiwahi. Dada Chia-ling, aliyekuwa akiwafuatilia wafanyakazi waliochomwa sindano, alimweleza taratibu. "Tunakupima leo, tunakupima tena baadaye, halafu cha mwisho baada ya miezi sita. Wengi hutoka salama. Ukiwa nayo, tiba ipo. Na haiambukizwi kwa kula pamoja, umenisikia? Usijitenge."

Pei-shan aliitikia. Kisha akajitenga. Maneno hayohayo alikuwa akiwaambia wagonjwa kila siku, lakini mganga hajigangi. Mwaka Mpya hakwenda Chiayi kwa mama yake, mjane aliyeishi na redio na paka. Alimdanganya kwamba ana zamu. Heri mama anune kuliko apatwe na kitu. Kazini nako wenzake walimtania, "Dada Damu Ghali, kaa kuleee!" halafu kweli hawakuketi karibu naye.

Upweke ule ulikuwa mbaya. Alikula amesimama jikoni, akisikiliza familia ya chini ikigombana, na akawaonea wivu hata kwa ugomvi wao.

Baada ya bakuli ikaja harufu ya rangi ya mafuta. Kisha adhuhuri moja, mapazia yamefungwa ili apate usingizi, alisikia mlango wa bafu ukisukumwa taratibu, akajiambia ni upepo ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, na huku akijiambia hivyo akasikia nyayo zikiburuzwa kama za mtu aliyevaa ndala za wodini, zikapita jikoni, zikasimama, bakuli likagongana na bakuli, zikaanza tena, zikaja mpaka ukingoni mwa kitanda, godoro likabonyea nyuma ya mgongo wake, harufu ya rangi ikamjaa puani hata machozi yakamtoka, na kikohozi, mara mbili fupi, mara ya tatu ndefu, kikampulizia ubaridi shingoni.

"Usiniache," sauti ikanong'ona. "Damu yangu unayo. Sasa nina ndugu."

Hakupiga kelele. Amwite nani? Na jambo la aibu ni hili: hofu ilipopungua, alilala usingizi mzito, wa kwanza tangu achomwe, kwa sababu palikuwa na mtu. Siku zilizofuata akaanza kupakua uji wa wali na viazi vitamu katika mabakuli mawili. Siku ya kipimo cha pili ilipofika, sauti ikamwambia, "Usiende. Watatutenganisha." Hakwenda.

Chia-ling hakuwa mtu wa kusubiri. Alipanda ngazi zote, akafika mlangoni anahema.

"We Pei-shan, unanikimbia? Damu yako naidai mimi!" Kisha akanusa. "Umepaka rangi humu?"

"Hapana."

Macho ya Chia-ling yakatua mezani, kwenye mabakuli mawili. Akapunguza sauti. "Una mgeni?"

Kikohozi kikajibu kutoka bafuni.

Chia-ling akamkamata mkono. "Vaa viatu. Viatu tu. Twende."

Alimtoa damu kwanza kule hospitalini, maana kazi ni kazi, kisha akampakia kwenye pikipiki mpaka hekaluni, kwa bibi mmoja aliyewaitia watu roho zilizoruka kwa mshtuko. Bibi alikifunga kikombe cha mchele ndani ya shati la Pei-shan, akakipitisha juu ya moshi wa udi.

"Roho yako imebaki pale ulipochomwa," alisema. "Ndiyo maana mwingine amekalia nafasi yake. Nitaiita, ila wa kuipokea awe mtu wa kwenu. Ni nani?"

"Sina mtu, Bibi."

"Kwani umezaliwa na jiwe?"

"Ana mama," Chia-ling akadakia.

"Mama asijue!" Pei-shan alikuwa analia sasa. "Nimemkimbia muda wote huu ili yeye asipatwe na kitu!"

"Basi rudi ukale uji na huyo wako," bibi akasema, akaanza kufungua shati.

Pei-shan akakubali kumpigia mama simu, na kesho yake mama alishuka treni na mfuko wa mapera. Alimpiga bintiye kofi la bega, kisha akamkumbatia mbele za watu. "Mimi niliyekuzaa, nitaiogopaje damu yako?"

Hekaluni bibi alimwonya. "Mwite kwa jina lake, mama. Jina usilisahau."

Lakini mama alipoona jinsi bintiye alivyokonda, maneno yakamtoka yenyewe. "Rudi mwanangu! Rudi nyumbani! Mama yupo, hutakuwa peke yako tena!"

Jina hakulitaja. Ubaridi ukapita katikati yao, harufu ya rangi ikatokea, ikatoweka. Bibi alifungua shati, akautazama mchele kwa muda mrefu.

"Amerudi," alisema. Hakusema ni nani.

Kweli, chumba kikatulia. Kichanjani likabaki bakuli moja. Miezi ikapita, na Chia-ling akamletea jibu la kipimo cha mwisho akitabasamu mpaka masikioni: damu ilikuwa safi. Jioni hiyohiyo Pei-shan akampigia mama simu, na wote wawili wakalia kwa furaha.

"Sasa njoo Chiayi tule pamoja," mama akasema. "Nyumba yenyewe siku hizi haina ukiwa kama zamani, sijui kwa nini. Paka tu ndiye kanihama, hataki kuingia ndani. Na huyu jirani, kila siku anapaka rangi!"

Pei-shan akaibana simu sikioni.

Ndani ya simu, karibu kabisa na mdomo wa mama, mtu akakohoa, mara mbili fupi, mara ya tatu ndefu.

"Pole, mwanangu," mama akasema kwa upendo. "Kunywa maji ya moto."