Vichupa Kumi na Vinne vya Kilwa

Siku aliyokutana na Yassine, Hortense alikuwa ameinama juu ya pipa la maji ya watu, katikati ya pilikapilika za Kamalondo, bomba la mpira mdomoni. Alikuwa ananyonya mbu. Ndiyo kazi yake hiyo: binti wa watu wa Kasai, mtafiti wa chuo kikuu, blauzi nyeupe iliyonyooka kwa pasi na kikwembe cha kitenge chenye maua, ananasa mbu mmoja mmoja na kumtia kichupani. Lakini wapita njia wangejuaje?

Wanawake watatu walimzunguka. Mara wakawa saba.

"Ule bibi anafanya nini mu mayi ya bantu?"

"Anaweka dawa! Mulozi!"

Hortense akatoa bomba mdomoni. Alijua anachoweza kufanyiwa hadharani mtu aliyeitwa mchawi.

"Mumuache!" Mwanamume mrefu mwenye shati la rangi ya chungwa alijipenyeza. "Fût iko yangu, mayi iko yangu. Mama, unatafuta nini mule?"

"Mbu."

"Mbu?" Akaangua kicheko mpaka wale wanawake nao wakacheka. "Bantu bote banatafuta namna ya kubafukuza, na weye unabatafuta? Chukua bote, chérie. Cadeau, ya bure!"

Ndivyo alivyomjua Yassine, muuza mapipa, Mwislamu wa ukoo wa Maniema.

Baada ya hapo simu hazikupoa.

"Namna gani, mama ya ba mbu?"

"Muzuri, papa ya ma-fût. Umeshakula?"

"Nakula sauti yako."

Akamweleza kazi yake. Ndani ya mbu kuna urithi wa DNA unaotoka kwa mama peke yake. Baba haongezi kitu. Ukiulinganisha herufi kwa herufi, unajua mbu gani wametoka kwa bibi mmoja na ukoo upi ulijitenga zamani. Yeye alikuwa anachora ukoo wa mbu wa mchana, wale weusi wenye madoa meupe, kutoka Lubumbashi hadi ziwa Mweru. Ila Kilwa, mji wa wavuvi kando ya ziwa hilo, hakuwa amefika. Barabara ile ilimtisha, na hakuona haya kulisema.

"Miye naendaka kila mwezi," Yassine alisema. "Nipe vichupa."

Akarudi na kumi na vinne. "Nilibakamata kwa ba-clients yangu, nyumba kwa nyumba." Hortense alimbusu shavuni palepale njiani, watu wanatazama.

Kisha matokeo yakatoka. Profesa Clément, msimamizi wake, akageuza kompyuta amwonyeshe.

"Hawa ba mbu ya Kilwa beko ba Kamalondo. Herufi kwa herufi, bote. Mutu yako hakufika. Alibakamata mu lupango yake, uani kwake hapa hapa, akakudanganya."

Miaka mitatu ya utafiti, jopo la watahini mwezi ujao, na data za uongo! Alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi, na woga ndio uliosema, si yeye.

"Yassine, sema kweli. Ulifikaka Kilwa?"

"Nilifikaka."

"Machine inasema hapana."

"Machine inanijua miye?" aliuliza taratibu. "Sawa. Nitarudia. Nitakuletea bingine."

"Iko mvua, Yassine, barabara imeharibika..."

Simu ilikuwa imekatwa.

Yassine akaondoka Jumatatu. Jumanne ujumbe wa Hortense haukupokelewa; Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi asubuhi habari ikaingia kwenye simu za watu: lori limetumbukia mtoni, mbele ya Kasomeno, kwenye barabara ya Kilwa. Kuna waliokufa. Majina hakuna.

Hortense alikimbia hadi Kamalondo amevaa sandali moja yake na moja ya dada yake. Uani alimkuta Adija, dada wa Yassine, kati ya mapipa matupu yanayosubiri lori. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Simu yake haipatikane," Adija alisema.

Hortense akashika ukingo wa pipa. Ndani, pale maji yalipoishia zamani, aliona vidoa vyeusi vilivyoganda kama pilipili manga iliyosagwa. Mayai ya mbu.

"Adija, hizi zinaenda wapi?"

"Kilwa. Ba-pêcheurs, ba kuvua samaki, banazinunuaka kwetu kila mwezi. Hukujua?"

Mayai yale hukaa makavu miezi, yanangoja maji tu. Mama zao walitaga Kamalondo, watoto wakaanguliwa Kilwa, nyumbani kwa wateja walewale wa Yassine. Hakusema uongo hata neno moja. Na Hortense ndiye aliyemrudisha njiani.

Akalia kwa sauti, akamweleza Adija yote.

"Ulimuita mwongo? Yassine?" Adija akamgeuzia mgongo. Kisha akasogeza kiti kwa mguu. "Ikala. Tungoje bote."

Saa nane mchana simu ikaita, namba ngeni.

"Allô? Mama ya ba mbu..."

"Yassine!"

"Ile camion ilikuwa mbele yetu. Tuliruka mu mayi kutoa bantu, na simu ilizama. Niko Kasomeno. Vichupa..."

"Achana na vichupa! Ulisemaka kweli. Ba mbu balisafiri mu ma-fût yako. Miye ndiye mukosefu. Nisamehe, chéri."

Hortense akaibana simu sikioni.

"Yassine?"

"Niko. Kule mu mayi niliwaza: nikikufa leo, atabaki anasema nilikuwa mwongo. Ile iliniuma kupita yote."

"Basi unanisamehe?"

"Uniulize nikifika."

Alifika uani kesho yake adhuhuri, matope hadi mapajani, mkono umefungwa kitambaa. Hortense alisimama mbele yake.

"Unanisamehe?"

"Kuanzia leo, ukiogopa kitu, unaniuliza miye. Kabla ya mutu yeyote."

"Ndiyo. Basi nauliza. Utaniowa?"

Adija akaziba mdomo. Machozi yalimtoka Yassine.

"Twende kwa papa yako."

"Sasa? Anajua uko Muislamu, Yassine. Alishakatala hata kusikia jina yako."

"Unaogopa?"

"Sana."

"Miye pia," alisema, akampa mkono ule mzima.